Saa Moja na Dakika Sita: Kisa cha Safari ya Lamu hadi Unguja

Mzee mmoja wa Mkomani, Lamu, alifiwa na dada yake aliyeolewa Unguja, mtaa wa Kiponda. Habari ilifika Lamu saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wakitoka msikitini. Kabla jua halijachomoza, mpwa wake, mtoto wa dada mwingine, alikuwa amekwisha kuwatumia jamaa wa Unguja ujumbe kwamba mjomba angekuwa kwao kabla ya adhuhuri. Mzee alifika kesho yake, saa nne na nusu asubuhi. Dada yake alikuwa amezikwa usiku uliotangulia, baada ya jeneza kuwekwa tangu adhuhuri mpaka baada ya magharibi kwa ajili ya kumngoja yeye.

Jamaa wa pande zote mbili wameniruhusu nikieleze kisa hiki bila kutaja majina. Nakieleza kwa sababu mimi ndiye niliyewatafutia tiketi siku ile, na kwa sababu naona kitajirudia. Lamu ina jamaa Unguja, Ngazija, Barawa mpaka Uarabuni, na siku hizi kila nyumba ina kijana mwenye simu anayeulizwa swali lile lile: kutoka hapa mpaka kule ni saa ngapi? Jibu hutoka upesi, tena lina nambari, na nambari humtia mtu imani. Katika ugonjwa, na katika maziko hasa, imani hiyo inawaumiza watu wasiokuwa na kosa lolote.

Nambari ilikotoka

Kijana aliandika majina ya miji miwili. Simu ikamjibu: kilomita 477, muda wa ndege saa 1 na dakika 6. Akamwambia mzee, "Mjomba, ni saa moya tu na dakika sita. Yeo yeo utafika." Mzee akashukuru, akaingia ndani kutafuta pasi yake.

Kijana hakusema uongo, na umbali aliopewa ni sahihi. Ukichukua latitudo na longitudo za kiwanja cha ndege cha Manda, kisiwa jirani ambako watu wa Lamu hupandia ndege, na za kiwanja cha Unguja ukapiga hesabu mwenyewe, utapata hizo hizo kilomita 477 au karibu nazo. Shida iko kwenye zile dakika.

Vikokotoo vya namna hii vinafanya kazi nyepesi sana. Huchukua nukta mbili kwenye ramani, hupima tao fupi kuliko yote linaloziunganisha juu ya uso wa dunia, dunia ikihesabiwa kuwa tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, kisha hugawanya urefu huo kwa mwendo mmoja uliowekwa tangu mwanzo. Mwendo huo mara nyingi ni kilomita 800 au 900 kwa saa, yaani mwendo wa jeti kubwa ikiwa imekwisha kutulia angani. Baadhi yake huongeza nusu saa kwa ajili ya kupaa na kutua. Gawanya 477 kwa 800, utapata dakika 36. Ongeza 30. Hiyo ndiyo saa moja na dakika sita, na hakuna zaidi ya hapo. Hakuna aliyeangalia ratiba ya shirika lolote. Muulize mtambo huo umbali wa Faza na Siyu, miji miwili ya kisiwa kimoja cha Pate ambayo watu huendeana kwa miguu, kwa punda na kwa pikipiki, nao utakupa dakika za ndege bila kusita.

Kwa hivyo nambari ile inajibu swali moja tu: lau ingekuwapo jeti, na lau ingeondoka sasa hivi, ingechukua muda gani? Ni swali ambalo hakuna mfiwa aliyewahi kuliuliza.

Ndege zinazotua Manda kila siku ni za pangaboi. Cessna Caravan, yenye injini moja, huenda kiasi cha kilomita 320 kwa saa. Dash 8 ya aina ya Q400 hufikia kama 650. Kutoka Manda hadi Nairobi, Q400 huchukua saa moja na dakika kumi hivi, na Caravan huchukua saa moja na dakika arubaini au zaidi kidogo, kutegemea upepo na kama inapitia Malindi. Umbali ni ule ule, nusu saa nzima imetofautiana, na bado hatujagusa mambo ya ardhini.

Mstari na njia

Uchore ule mstari kwenye ramani. Unatoka Manda ukielekea kusini-magharibi juu ya bahari tupu, unaiacha Malindi kama kilomita 40 mkono wa kulia, unaiacha Mombasa kama 50, unapita juu ya Pemba, kisha unaingia Unguja. Hiyo ni njia ya majahazi. Kaskazi likivuma, kuanzia Disemba mpaka Machi, chombo kilishuka nalo kuelekea kusini. Kusi likishika kuanzia Aprili, kilirudi nalo. Kilomita 477 ni kama maili 258 za baharini, na chombo chenye mwendo wa maili 5 kwa saa kinazimaliza kwa siku mbili na ziada, mchana na usiku. Nahodha hangeweza kumtajia mtu siku za safari bila kutaja upepo wa wakati ule. Kusi likiwa limekaza, Unguja ilikuwa mbali kwa Mwamu, mtu wa Lamu, hata kama mstari haujaongezeka urefu hata shibiri moja.

Ratiba ya ndege ni kama ule upepo. Ndege za abiria hazifuati mstari. Hufuata mahali shirika lilipoweka kituo chake na mahali walipo maafisa wa uhamiaji, kwa kuwa Lamu hadi Unguja ni kuvuka mpaka wa nchi, hata kama ndugu wamezaliwa tumbo moja. Katika ratiba za siku zile hapakuwa na ndege yoyote ya moja kwa moja. Zilibaki njia mbili.

Ya kwanza ni ya Mombasa. Manda hadi Mombasa ni kilomita 245. Mombasa hadi Unguja ni kilomita 245 tena. Jumla ni 490, yaani msafiri anaongeza kilomita 13 tu juu ya ule mstari ulionyooka. Mombasa imekaa katikati kana kwamba iliwekwa makusudi, na kila mara nikiitazama ramani hiyo moyo unaniuma kidogo, maana njia nzuri kuliko zote ndiyo isiyotegemeka. Kipande cha Mombasa na Unguja siku zile hakikuwa na ndege kila siku, na kwa miaka mingi mashirika yamekuwa yakikifungua na kukifunga kufuatana na abiria. Siku ya msiba ilikuwa Jumanne. Ndege haikuwapo.

Ya pili ni ya Nairobi. Manda hadi uwanja wa Jomo Kenyatta ni kama kilomita 455. Ukitua Wilson, kiwanja kingine cha Nairobi, ni kama 467. Kutoka Nairobi hadi Unguja ni kama kilomita 600. Jumla inapita 1,050. Mtu wa pwani anayekwenda kwa jirani yake wa pwani anapelekwa kwanza bara, juu ya milima, kisha anarudishwa baharini, na safari yake inakuwa zaidi ya mara mbili ya umbali aliouona kwenye simu. Lakini huko ndiko ndege ziliko kila siku.

Siku yenyewe

Walikuja kwangu saa moja na nusu asubuhi. Mzee alikuwa na pasi, na alikuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano aliyochanjwa zamani alipokwenda kumtembelea dada yake huyo huyo. Kadi ilikuwa imechakaa, na alihofia kwamba imekwisha muda. Haikuwa imekwisha: tangu Julai 2016 cheti hicho kinahesabiwa kuwa cha maisha, hata kama kiliandikwa miaka kumi. Naitaja kwa sababu msafiri anayetoka Kenya kuingia Unguja huulizwa cheti hicho, na asiye nacho hawezi kukipata asubuhi ya msiba. Chanjo huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya kuchanjwa. Kwa mtu asiye na kadi, umbali wa Lamu na Unguja ni siku kumi kabla hata hatujazungumza habari ya tiketi.

Ilikuwa Agosti, shule zimefungwa na wageni wa Ulaya wamejaa. Ndege ya kwanza kutoka Manda ilikuwa haina nafasi. Wengi hudhani kwamba ndege ya kwanza huondoka alfajiri kama basi la Mokowe, gati la bara lililo ng'ambo ya Lamu. Kwa kawaida ndege hizi hulala Nairobi. Lazima moja iruke kutoka huko asubuhi, ifike Manda, ishushe watu, ndipo ipakie wa kwetu. Hata ungekuwa umesimama kiwanjani saa kumi na mbili ukiwa na fedha mkononi, ungekaa.

Nafasi iliyopatikana ilikuwa ya saa nane na dakika arubaini mchana, Caravan ya kwenda Wilson. Kutoka Lamu mjini mtu hushuka gatini, hupanda boti kuvuka mkondo mpaka Manda, hutembea na mzigo wake mpaka kiwanjani, na anatakiwa awe pale saa nzima kabla. Mzee aliondoka nyumbani saa saba kasorobo. Ndege ikatua Wilson saa kumi na dakika ishirini jioni.

Wilson na Jomo Kenyatta ni viwanja viwili tofauti vya mji mmoja, na ndege za Unguja kwa kawaida huondokea Jomo Kenyatta. Kwenye ramani vinakaribiana. Barabarani, jioni, watu wakitoka kazini, hakuna dereva wa Nairobi atakayekuahidi muda. Ndege ya nje inamtaka msafiri awe uwanjani saa mbili au tatu kabla ya kuruka, na kaunta hufungwa mapema. Ukiikosa kwa dakika tano umeikosa. Sikuthubutu kumkatia mzee wa umri ule tiketi ya kumkimbiza usiku kutoka kiwanja kimoja hadi kingine. Alilala kwa jamaa South C, mtaa wa Nairobi, akaondoka Nairobi Jumatano saa mbili kamili asubuhi, akatua Unguja saa tatu na dakika ishirini na tano. Uhamiaji, kadi ya chanjo, mzigo, teksi mpaka ukingo wa Mji Mkongwe, kisha miguu mpaka Kiponda. Saa nne na nusu alikuwa mlangoni.

Tangu habari kumfikia mpaka kufika mlangoni zilipita saa 29. Katika hizo, alizokaa angani ni saa tatu na dakika tano.

"8:00"

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kizito, maana mzee kuchelewa ni jambo la kawaida, lakini kilichowafanya watu wa Kiponda waendelee kungoja kilikuwa kitu kidogo sana.

Maziko yalipangwa baada ya adhuhuri. Ujumbe wa kwanza wa kijana, ule wa "kabla ya adhuhuri", uliwapa matumaini, wakasema jeneza litoke alasiri ili mjomba apate nafasi ya kupumua na kumuona dada yake. Huo ulikuwa uamuzi wa mapenzi na mimi siwezi kuulaumu.

Saa tatu asubuhi, tiketi zilipopatikana, kijana aliwaandikia tena, kwa maneno machache kama wanavyoandika vijana: "Tiketi tayari. Ndege 8:00." Alimaanisha ile ndege ya pili, ya Nairobi, ya kesho yake, kwa sababu ndiyo itakayomtua Unguja. Binti wa marehemu aliisoma akiwa katikati ya wanawake, ubani unafukizwa, watu wanamwita huku na huku. Saa mbili za asubuhi ile zilikuwa zimekwisha kupita. Ameambiwa mjomba anafika leo. Kwa hivyo 8:00 kwake ikawa saa nane mchana. Akaongeza saa moja na dakika sita alizotumiwa alfajiri, akapata saa tisa na dakika sita. Hesabu yake haikuwa na kasoro. Kwa nambari mbili alizokuwa nazo, kila mtu mwenye akili timamu angefika hapo hapo.

Alasiri ikaswaliwa, mjomba hayupo. Wakampigia, simu imezimwa, kwa sababu yuko angani kuelekea Nairobi. Kuzimwa kwa simu kukawathibitishia kwamba yuko kwenye ndege, karibu atatua. Wakangoja tena. Saa kumi na nusu jioni mzee akawasha simu yake pale Wilson, akampigia mpwa wa Kiponda, na hapo ndipo walipojua kwamba yuko Nairobi na kwamba 8:00 ni ya kesho. Wakaharakisha, lakini mambo ya maziko yakishavunjwa hayakusanyiki mara moja. Waliokuja kwa adhuhuri walikuwa wamerudi makazini au shambani. Jeneza lilitoka baada ya magharibi, wakazika kwa mwanga wa taa. Wako waliotaka kumswalia yule mama na hawakuwahi, na binti yake bado anawataja mmoja mmoja.

Wengine walimlaumu kijana. Sikubaliani nao. Kijana wa miaka kumi na tisa aliamshwa alfajiri, akafanya alichoweza kwa haraka na kwa nia safi. Lawama yangu iko kwa hao wanaopanga nambari hizi mbele ya watu na kuziita muda wa ndege, bila neno moja la kusema kwamba huenda ndege yenyewe haipo. Na iko kidogo kwetu sisi tunaofanya kazi ya tiketi, kwa ujumla wetu, tunaomkabidhi mtu karatasi yenye saa za kizungu, 14:40 na 08:00, tukijua vizuri kwamba nyumbani atazisoma mzee anayehesabu saa kuanzia macheo. Haitugharimu chochote kuandika pembeni kwa kalamu: saa nane na dakika arubaini mchana, Jumanne.

Je, angeweza kuwahi?

Swali hili limeulizwa sana Mkomani, na mzee mwenyewe aliniuliza aliporudi, kwa hivyo nalijibu kwa ukamilifu.

Tuseme kila kitu kilikuwa upande wake. Nafasi ipo katika Q400 inayokwenda moja kwa moja Jomo Kenyatta, ili asihangaike na Wilson, na ndege ya Unguja inamngoja pale pale. Nyumbani mpaka gatini robo saa. Boti robo saa. Manda saa nzima ya kungojea. Angani dakika 70. Jomo Kenyatta saa mbili, nazo ni za kubana sana. Angani tena dakika 85. Uhamiaji na mzigo dakika 45, teksi na miguu dakika 20. Jumla ni saa saba na dakika kumi, bila ndege kuchelewa, bila foleni, bila mvua. Na kwa kuwa ndege ya Manda haiwezi kuondoka kabla ya ile ya Nairobi kufika, saa saba hizo haziwezi kuanza kuhesabiwa alfajiri. Adhuhuri haikuwezekana kwa njia yoyote. Alasiri pia, kwa hesabu yangu, haikuwezekana.

Barabara? Tangu lami ilipofika, Mokowe mpaka Mombasa kupitia Witu, Garsen na Malindi ni safari ya saa saba hivi kwa basi, vizuizi vya polisi vikiwamo. Ni kama kilomita 340. Lakini mabasi ya alfajiri yalikuwa yamekwisha kuondoka alipoamua kusafiri, na kutoka Mombasa kwa nchi kavu bado angekuwa na zaidi ya kilomita 500 kupitia Lunga Lunga na Tanga mpaka Dar es Salaam, kisha boti ya saa mbili hivi hadi Unguja. Hiyo ni siku ya pili, tena ya uchovu mkubwa zaidi.

Kulikuwa na jamaa aliyetaka kuchanga watu wakodi ndege. Ni moyo mzuri, lakini hata hapo ndege ndogo ingetoka Wilson tupu, ingetumia karibu saa mbili kufika Manda, kisha kwa kawaida ingelazimika kutua Mombasa ili abiria apite uhamiaji, na ingehitaji kibali cha kuingia anga ya Tanzania na kutua Unguja. Vibali vya namna hiyo havitoki kwa simu moja ya asubuhi. Wangechanga fedha nyingi wakafika jioni ile ile ya kuchelewa.

Jibu langu kwa mzee lilikuwa hilo: hakuna ulichokosea, hakukuwa na njia. Naamini lilimpa nafuu, kwa sababu alikuwa akijilaumu kwamba alizubaa kwenye kutafuta pasi.

Ujumbe uliotakiwa

Kama hapakuwa na njia, basi kitu pekee kilichoweza kuokolewa siku ile kilikuwa wakati wa maziko. Mafunzo yetu yanataka jeneza liharakishwe, na watu wa Kiponda walikuwa tayari kuliharakisha. Walichokosa ni habari moja ya wazi. Saa tatu asubuhi, tiketi ikiwa mkononi, ujumbe ungeweza kuwa hivi:

"Mjomba hatawahi maziko. Zikeni kwa wakati wenu, msimngoje. Leo Jumanne anaondoka Manda saa nane na dakika arubaini mchana, analala Nairobi. Kesho Jumatano anaondoka Nairobi saa mbili asubuhi, anatua Unguja saa tatu na dakika ishirini na tano asubuhi. Simu yake itazimwa akiwa angani."

Ni mistari michache. Inataja siku kwa jina lake, saa kwa maneno, mji wa kulala, na zaidi ya yote inasema wazi wasingoje. Sentensi hiyo ya msingoje inaogopwa. Mtu anaona kwamba akiitamka amemkosea marehemu, au amekata undugu. Lakini aliye mbali ndiye pekee mwenye haki ya kuitamka. Wa kule hawawezi kuamua kwamba kaka wa marehemu hatazika. Wataendelea kungoja kwa heshima mpaka yeye mwenyewe awafungue.

Na mzee hakuwa mikono mitupu huku Lamu. Sisi ni watu wa madhehebu ya Shafi, na madhehebu hayo yanaruhusu kumswalia maiti aliye mji mwingine, swala ya ghaibu. Angeweza kusimama na jamaa na majirani zake baada ya adhuhuri, msikiti wa mtaa wake, wakamswalia dada yake karibu na wakati ule ule ambao Kiponda wanamzika, kisha akashuka gatini kwa utulivu kuiwahi ndege yake ya saa nane na dakika arubaini. Muda ulitosha kabisa iwapo mzigo ungekuwa umetangulia. Badala yake adhuhuri ile aliikuta Manda, chini ya paa la kiwanja, akipigiwa simu na watu wa Unguja wanaouliza kama ameshapanda.

Mtu akiniuliza leo kutoka Lamu hadi mji fulani ni muda gani, nami humuuliza kwanza: siku gani, na lazima uwe umefika saa ngapi? Hapo narudi nyuma kutoka saa ile ya kufika. Ndege ipi inatua kabla yake, inaondoka uwanja gani, ndege ipi ya Manda inamfikisha kwenye uwanja huo na si mwingine, na boti ya saa ngapi. Ukihesabu kwa kurudi nyuma, kilomita hazihitajiki hata kidogo. Mzigo pia huingia hapo: ndege ndogo mara nyingi zinaruhusu kilo 15 na mkoba laini, na ile kubwa ya Nairobi inaruhusu zaidi, kwa hivyo mzigo hupimwa kwa ile ndogo. Watu wetu hawaendi msibani mikono mitupu, nami nimeona halua na nguo za wafiwa zikibaki kaunta ya Manda.

Safari ya arobaini

Hitma ya arobaini ilisomwa Kiponda, na mzee alikwenda na mkewe. Safari hii tulianza na siku ya hitma tukarudi nyuma. Mkewe hakuwa na kadi ya chanjo, kwa hivyo jambo la kwanza lilikuwa kuchanjwa, wiki tatu kabla, ili zile siku kumi zipite kwa nafasi. Ndege ya Mombasa kwenda Unguja ilikuwapo siku mbili kabla ya hitma, tukaishika hiyo. Walivuka kwa boti hadi Mokowe alfajiri, wakapanda basi, wakafika Mombasa kabla ya alasiri, wakalala kwa binti yao Majengo. Kesho yake waliruka. Kipande hicho cha pili kiliwachukua chini ya saa moja angani.

Waliotaka kuwafuata wiki iliyofuata kwa njia hiyo hiyo walikuta siku za ndege zimebadilishwa, ikabidi wapitie Nairobi.